Kichupa cha Mama Chumvi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara. Ndugu wageni waalikwa. Wagonjwa wenzangu, mliopona na mnaoendelea kupona. Na wewe Mama Chumvi, mwenye shughuli, uliyekaa kiti cha mbele ukikagua kucha zako kana kwamba hapa anaagwa mtu mwingine: nawasalimu nyote kwa heshima zenu.

Mshereheshaji ameniomba nizungumze kwa kifupi. Nimemwitikia kwa adabu, lakini nawaambia mapema msije mkasema hamkuonywa. Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani akikuahidi Ijumaa, wewe mwenyewe unajua maana yake.

Wakubwa walionitangulia wamemsifu Mama Chumvi kwa vyeti vyake, kwa wanafunzi aliowafundisha na kwa miaka aliyoitumikia hospitali hii. Wamesema kweli tupu. Mimi vyeti siwezi kuvisoma, vimeandikwa kwa lugha ya kuogopesha. Lakini wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi ni maiti niliyegeuziwa njia nikiwa nimeshafika mlangoni, kwa hiyo nina haki ya kusema. Tena nataka kuwaeleza jambo ambalo hakuna aliyeligusa tangu asubuhi: kwa nini daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, mtu mzima mwenye miwani yake ya heshima, anaitwa Mama Chumvi na hospitali nzima hadi mlinzi wa getini. Nimewasikia wageni pale nje mkibishana. Mnadhani ni kwa sababu ya kuwakataza watu chumvi kwenye chakula. Sivyo kabisa.

Ndugu zangu, tumbo langu lilianza kukua mwaka wa tatu wa ndoa yangu.

Nataka muelewe uzito wa maneno hayo. Nyumba aliyoingia mke, miaka ikapita na kilio cha mtoto hakijasikika, kila mtu ndani yake hulitazama tumbo la yule mke kwa pembeni, kwa adabu, kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Basi tumbo likainuka. Wifi yangu ndiye aliyeliona kwanza, akapiga vigelegele uani bila kuniuliza. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Mama mkwe alianza kuninyang'anya ndoo za maji mkononi. Na mume wangu, ambaye ni seremala, na ambaye kitanda chetu wenyewe kilikuwa kinalia kila ukigeuka na hajawahi kukigusa kwa nyundo, alichagua mbao nzuri kuliko zote karakanani kwake akaunda kitanda cha mtoto. Akakipiga msasa mpaka ungeweza kukipitishia shavu lisichubuke. Wateja wangu nao wakaanza kuniletea vitambaa vilivyobaki, eti vya nepi. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Niwekeeni msemo huo, nitaurudia.

Nilikuwa na gauni langu moja la bluu, nililojishonea mwenyewe, na kwa kuwa mimi si mwanafunzi wa kazi hii nilikuwa nimeacha kitambaa cha kutosha ndani ya mishono ya ubavuni. Tumbo lilipokuja nikafumua, nikaachia, nikashona upya. Halikupita muda nikafumua tena. Lakini fundi ana jicho lake hata akiwa anajidanganya. Pale kiunoni gauni lilikuwa linaomba nafasi, na juu mabegani lilikuwa linapwaya. Nikajiuliza: ni mimba gani hii inayonenepesha tumbo na kula mabega? Jioni homa ilikuwa inanipanda, usiku natoka jasho shuka linakamulika, na chakula nikikitazama tu nimeshiba. Mama mkwe akasema mimba za kwanza ndivyo zilivyo. Nani alitaka kubishana naye? Si mimi.

Siku niliyokwenda kupimwa kwa utrasaundi, mpimaji alirudia kupitisha kifaa chake palepale mara tatu. Wanawake wenzangu mnaijua dalili ile. Akanifuta tumbo, akaniambia taratibu kwamba mle ndani hakuna mtoto. Kuna maji.

Nilirudi nyumbani nikakikuta kitanda cha mtoto katikati ya chumba. Mume wangu alichukua shuka akakifunika, akatoka kwenda kukaa karakanani bila kuwasha taa. Nililia mpaka sauti ikakauka, na sioni haya kulisema mbele yenu.

Ndipo safari ya vipimo ilipoanza. Kwanza nikaambiwa pengine ni ini, nikaulizwa kama nakunywa pombe, na mama mkwe akanigeukia anisikie nitakavyojibu. Ini likaonekana zima. Wakanichoma sindano ya tumbo wakanyonya maji, maji yenyewe rangi ya chai ya mkandaa isiyokolea, wakayatazama kwa darubini: hakuna seli za saratani, hakuna vijidudu. Nikapigwa picha ya kifua, safi. Nikapimwa makohozi, na hayo makohozi yenyewe nilikuwa nayatafuta kwa kukazana maana sikohoi: safi. Sasa mtu yuko safi kila mahali na anakufa. Mlishawahi kusikia?

Nikaletwa hapa, nikapokelewa na daktari bingwa wa upasuaji wa wakati ule. Mtamtambua, maana ndiye Mganga Mkuu wetu wa leo, na naona ameshaanza kutabasamu. Mheshimiwa, usiwe na wasiwasi, nitakutendea haki.

Daktari huyu hakunificha. Alinikalisha mimi na mume wangu, akatueleza kwamba kipimo fulani cha damu, kile kinachopanda mtu akiwa na saratani ya vifuko vya mayai, kwangu kimepanda sana. Picha kubwa ya kompyuta nayo ilionyesha utando wa ndani ya tumbo umekunjamana na kunenepa. Akasema yote haya yanaelekeza kwenye saratani, na anataka kutoa kizazi na vifuko vyake kabla haijatapakaa zaidi. Siku ikapangwa. Kwa ushahidi aliokuwa nao mkononi, daktari yeyote mwenye huruma angepanga hivyohivyo. Mume wangu aliuliza swali moja tu, kama nikitolewa vitu hivyo nitaishi. Akajibiwa kwamba watajitahidi. Tukatia sahihi.

Kesho yake wodini akapita mama mmoja wa makamo, koti jeupe, mfuko wa kulia umevimba. Akavuta kiti akakaa. Mliowahi kulazwa mnajua kwamba daktari akipita kwa miguu ni salamu, akikaa kuna jambo. Hakuniuliza tumbo linauma wapi, kila mtu alikuwa ameshaniuliza. Aliniuliza homa inapanda wakati gani. Aliniuliza jasho. Aliniuliza kama nikiminywa tumbo nalisikia laini au linagoma, kisha akaliminya mwenyewe polepole, macho amefumba, kama mtu anayechagua kitambaa gizani. Halafu akauliza nyumbani kwetu nani alikohoa.

Nikamwambia hakuna. Tena nikaongeza, kwa kiburi kidogo, kwamba kifua changu kimepigwa picha na ni safi.

Akasema, "Mwanangu, mimi sijakuuliza kifua chako. Nimekuuliza nyumba yako."

Akatueleza kwamba jina kifua kikuu linadanganya watu wengi. Vijidudu vyake vinaweza kuingia kwa pumzi, vikapita na damu kwenda kukaa kwenye tezi, kwenye mifupa, kwenye utando wa tumbo, hata kwenye utumbo wenyewe, na kifua kikabaki kimetulia kama hakihusiki. Mume wangu, ambaye amekaa pale na anajifanya hanisikii, aliuliza kwa dhati ya moyo wake: "Daktari, sasa kifua kimefikaje tumboni?" Wodi nzima ilicheka, na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mama Chumvi naye alicheka, lakini alimjibu. Akamwambia ni kama yeye seremala: karakana yake ipo sehemu moja, lakini milango yake imetundikwa mji mzima.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama dirishani. Hakucheka. Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena, kisha akatoka.

Alimngojea Mama Chumvi kwenye ngazi. Haya nayasema kwa ruhusa yake, kwa sababu yuko hapa, na asubuhi aliponifunga kilemba aliniambia nikiliruka hili nisirudi nyumbani. Baba mkwe wangu alikuwa amefariki miaka michache nyuma. Tuliambiwa ni pumu, na msibani tulisema pumu. Mimi ndiye niliyekuwa namtandikia na kumfulia mashuka katika ugonjwa wake, ndani ya chumba chenye dirisha dogo lililofungwa muda wote kwa kuogopa baridi. Pale kwenye ngazi mama alimwambia daktari: "Mume wangu hakufa kwa pumu. Kilikuwa kifua kikuu, na dawa aliziacha katikati kwa kuona aibu ya kuonekana kliniki. Aliniapisha nisimwambie mtu. Huyu mtoto ndiye aliyekuwa akimfulia."

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua, sote tunausema msemo huo. Lakini kuvunja kiapo cha marehemu mume wako, mbele ya mgeni, ili kumwokoa mke wa mtoto wako, hilo ni jambo la watu wachache. Mama, simama watu wakuone. Mpigieni makofi, wala msimwonee huruma, hapendi.

Mnadhani basi mambo yaliishia pale? Mnadhani Mama Chumvi alishika habari ile akaandika dawa? Hamumjui. Kilichofuata ni mabishano, na mimi niliyasikia yote kwa sababu pazia la wodi si ukuta. Daktari wa upasuaji alimwambia, kwa heshima, kwamba kama anaona ni kifua kikuu, basi waahirishe kisu, nipewe dawa za kifua kikuu waone.

"Tuone nini?" Mama Chumvi akamwuliza. "Kama ni saratani, tutakaa tunaona huku inamla. Kama ni kifua kikuu cha mzee aliyeacha dawa katikati, huenda vijidudu vimeshazoea dawa, tutampa vidonge visivyofanya kitu na tutasema tulijaribu. Na wewe ukikata leo na ikawa si saratani, kizazi chake utakirudisha na nini? Mimi nakisia, na wewe unakisia. Niletee kipande."

Na hapa, Mheshimiwa Mganga Mkuu, ndipo ninapokutendea haki yako. Ulikuwa bingwa, chumba cha upasuaji kilikuwa chako, siku ilikuwa imepangwa na sahihi yangu ulikuwa nayo. Ungeweza kusema huyu mama wa magonjwa ya ndani ashughulike na vidonge vyake. Nilikusikia ukivuta pumzi, kisha ukasema utaingiza kamera ndogo kupitia kitovuni, utazame, ukate kipande, halafu ndipo mjue. Watu wengi hapa wamemsifu aliyesema subiri. Mimi leo namsifu pia aliyekubali kusubiri.

Sasa, ya ndani ya chumba cha upasuaji sikuyaona, nilikuwa nimelala fofofo. Nimesimuliwa na muuguzi mkuu wa chumba kile, naye yupo, akinisikia nakosea atanisahihisha. Kwanza ningependa mjue kwamba muuguzi huyu ni mtu wa utaratibu. Kila asubuhi, kabla hata ya taa kubwa kuwashwa, alikuwa ameshapanga vichupa vyake mezani, vyote vimejazwa dawa ya kuhifadhi nyama, ile wanayoiita fomalini, inayochoma pua mpaka unatoa machozi. Ilikuwa fahari yake. Hakuna daktari aliyewahi kukata kitu akangojea kichupa. Ukikata, unatumbukiza, kinakwenda kwenye darubini. Ndivyo walivyofundishwa, ndivyo walivyofundisha.

Kamera ikaingia. Kwenye skrini tumbo langu likaonekana limenyunyiziwa punje nyeupe kila mahali, ndogondogo, kama mtu kamwaga mchele wa chenga. Daktari akasema kwa huzuni kwamba hii imeshatapakaa. Mama Chumvi, aliyekuwa amesimama nyuma kavaa barakoa, akasema saratani inaweza kuwa na sura hiyo, na kifua kikuu pia kinaweza kuwa na sura hiyo, na jicho halitoi hukumu. Daktari akakata kipande. Na mkono wake, mkono uliozoea miaka yote ile, ukakitumbukiza kwenye kichupa kilichokuwa tayari.

Mama Chumvi akasema, "Hicho umekizamisha."

Niwaeleze, maana mimi nilieleweshwa. Fomalini inahifadhi umbo la nyama vizuri sana, na chini ya darubini unaliona. Lakini inaua vijidudu vyote vilivyomo, huwezi tena kuviotesha, na ile mashine inayosoma asili ya vijidudu na kusema vinasikia dawa gani haiwezi kukitegemea kipande hicho. Ni kama shahidi uliyemziba mdomo: sura yake unaiona, kumhoji huwezi. Kipande cha kuhojiwa kinatakiwa kiende kibichi, ndani ya maji safi ya chumvi. Katika meza ile nzuri, iliyopangwa na mtu makini kuliko wote, hapakuwa na kichupa hata kimoja cha maji ya chumvi. Bidii yenyewe ndiyo iliyotaka kuniua.

Ndipo Mama Chumvi akatoa kichupa chake. Ndicho kilichokuwa kimevimbisha mfuko. Alikuwa akitembea nacho wodi hadi wodi, watu wakimcheka na kumwita Mama Chumvi, tangu alipopoteza wagonjwa ambao vipande vyao vilizamishwa na majibu yakaja yamekaa njia panda. Muuguzi akakipokea akakitayarisha. Mama Chumvi akaomba kipande cha pili. Daktari akamwambia nyama ile inavuja damu kirahisi, na kila akikata anaongeza hatari. Muuguzi anasema wakatazamana juu ya barakoa. Mama Chumvi akasema, "Najua. Kata."

Akakata. Damu ikatoka kidogo, ikakoma. Kipande kikaingia kwenye maji ya chumvi. Toroli la sampuli lilikuwa limeshaondoka, na linalofuata lingekuja kesho. Mama Chumvi hakulingojea. Alitoka na viatu vya chumba cha upasuaji, akakatiza uwanja mzima hadi maabara, kichupa amekishika kwa mikono miwili kifuani kama mtu aliyebeba yai. Mtaalamu wa maabara, uliye pale nyuma na tai nyekundu, ulikuwa umeshavua koti unatoka. Ulilivaa tena. Nakushukuru kwa kulivaa tena.

Jibu lilikuja nikiwa nimelala ubavu, nimewageuzia watu mgongo. Nikasikia kiti kinavutwa. Nikajua ni Mama Chumvi. Kugeuka, ni daktari wa upasuaji. Amekaa.

Akaniambia, "Mama, sitakukata. Ni kifua kikuu cha tumbo, na vijidudu vyake vinasikia dawa za kawaida. Kizazi chako kinabaki ndani yako."

Mimi nimeshona nguo za harusi, za mahafali na za kuapishwa wakubwa. Sijawahi kuiona furaha kama ile iliyoingia chumba kile. Mume wangu alimshika daktari mkono akasahau kuuachia. Mama mkwe aliketi sakafuni palepale, akajifunika uso, akawa anarudia jina la marehemu, si kwa kulaumu, kwa kumpa taarifa. Na Mama Chumvi? Alikuwa mlangoni, anasafisha miwani ambayo haikuwa na uchafu. Siku chache baadaye majibu ya darubini nayo yakaja, yakakubaliana na mashine.

Nikameza vidonge miezi sita bila kuruka. Siku ya kwanza nilipokwenda haja ndogo na kuiona rangi yake ya machungwa inayokaribia wekundu nilipiga ukunga nyumba nzima ikakimbia, kumbe nilishaelezwa kwamba ndivyo dawa ile ilivyo, nikasahau. Familia yote ikapimwa. Wifi yangu wa vigelegele akakutwa nacho kifuani, kikiwa bado kichanga, akatibiwa, na vigelegele vyake mmevisikia leo mlangoni, havijapungua. Na mimi nikawa nalipunguza gauni la bluu kiunoni, mshono baada ya mshono, huku mabega yakijaa.

Wageni waalikwa, hiyo ni habari yangu, lakini shughuli hii si yangu. Kuanzia siku ile, muuguzi mkuu hakusubiri waraka kutoka kwa mtu. Asubuhi iliyofuata meza yake ilikuwa na vichupa viwili viwili, cha fomalini na cha maji ya chumvi. Hivi viwili vimefanya nini? Mwulizeni dereva wa lori aliyekaa upande wa dirisha. Alikuja na maumivu ya chini kulia, utumbo unaziba na kuachia, amekonda, wengine wanasema kidole tumbo, wengine uvimbe. Aliambiwa aingizwe kamera kwa njia ya nyuma akakataa, eti yeye mwanamume mwenye familia. Mama Chumvi akamwambia mficha uchi hazai. Akalala. Vipande viwili, vichupa viwili, na jibu likawa kifua kikuu cha utumbo. Leo anaendesha lori lake, na tumbo lake, kama mnavyoona, sasa limejaa chakula.

Na nyinyi madaktari vijana mnaotikisa vichwa, msiondoke hapa mkiamini kila tumbo lenye maji ni kifua kikuu. Kuna dada yupo hapa, mwalimu. Alikuja na maji kama yangu na homa kama yangu, na Mama Chumvi mwenyewe aliapa moyoni kwamba huyu ni kifua kikuu. Kipande kikasema hapana, ni saratani. Mama Chumvi alimkimbiza kwa daktari wa upasuaji siku ileile, akakatwa mapema, na kila mwaka anapimwa anakutwa mzima. Mwalimu, nyoosha mkono. Mnaona? Mama Chumvi hakuwahi kushabikia ugonjwa fulani. Alishabikia kujua.

Nawaomba sasa wote mliopita katika vichupa hivyo msimame. Usiogope, wewe wa nyuma, simama. Mama Chumvi, acha hizo kucha, geuka utazame. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wewe unastaafu, huna tena tembo la kuharibu, kwa hiyo leo utasifiwa mpaka uchoke.

Asanteni, kaeni.

Nimekuja na gauni langu la bluu. Hili hapa. Limepauka, naomba msilidharau. Walio mbele, tazameni huku ubavuni: mistari hii ya matundu ni njia za sindano. Huu wa ndani ni mshono wa kwanza, nilipokuwa bibi harusi. Unaofuata ni wa ugonjwa ulipoanza. Na huu wa nje kabisa, kwenye ukingo wa kitambaa, ni wa siku nilizokuwa nakufa. Nilipopona nilirudi ndani hadi mshono wa kwanza. Lakini angalieni vizuri mshono wa nje. Matundu yake ni makubwa kuliko mengine. Fundi yeyote atawaambia sababu: sindano imepita hapo mara mbili. Mwaka uliofuata baada ya dawa, nilifumua tena, nikaachia tena, hadi mstari uleule, kwenye kitambaa kilekile. Na safari hii mabega hayakupwaya.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Limekuja. Limekaa safu ya tatu, limevaa gauni la njano, limepoteza jino la mbele, na wodi ya wazazi ilimpa jina la utani kabla sisi hatujampa lake. Kachumvi, njoo mwanangu. Njoo na baba yako, maana mzigo ni mzito.

Mama Chumvi, zawadi ya saa na zulia umeshapewa. Hii inatoka nyumbani kwetu. Ni kabati la vichupa, litatundikwa chumba cha upasuaji, na muuguzi mkuu ameshanionyesha ukuta. Kila safu ina matundu mawili, moja la fomalini, moja la maji ya chumvi, na yakiwa matupu yanaonekana tokea mlangoni. Wewe unaondoka, na watakuja wengine ambao mikono yao imezoea kichupa kimoja. Wakisahau, ubao utawakumbusha. Pitisha shavu lako hapo. Huo msasa si wa jana. Mbao hizi ni za kile kitanda cha mtoto. Zilingojea mtoto ambaye hakuwepo, zikafunikwa shuka, kisha zikamlea aliyekuja mpaka miguu yake ikawa inatokeza nje. Kachumvi mwenyewe ndiye aliyesema kikatwe.

Suti uliyovaa leo nimeishona mimi. Uliniomba mfuko wa kulia uwe mpana, nami sikuuliza, lakini nimekaa pale nikiutazama tangu asubuhi, na umevimba. Hata siku ya kuagwa, mama? Basi kitoe. Mpe Kachumvi akiweke katika tundu la kwanza la maji ya chumvi, kiwe na kwao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu wote mliokusanyika, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu na kunivumilia kuliko nilivyoahidi. Sasa mpigieni makofi huyu mama, na mnaomkaribia msimkumbatie kwa nguvu kabla kichupa hakijatoka mfukoni.